Hodi Katikati ya Wimbo

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Hapa Kilakala hatujambo, na mchicha wa bibi yako umestawi.

Unauliza kuhusu albamu ya bendi yetu, iliyotolewa upya na kuongezewa vipande vya nyimbo tulivyoviacha. Ni nani anayesema "Hodi!" gitaa limekolea, na kwa nini bendi nzima inaitikia "Karibu!" na wimbo unafia hapohapo?

Huyo ni mama yangu. Alishuka kutoka milimani na kikapu cha magimbi ya kuchemsha, akatukuta tunarekodi. Angeingiaje bila hodi? Nasi tungemwachaje mtu mzima mlangoni, kimya? Fundi mitambo alifoka, tukaurudia wimbo. Nilidhani kipande kile kilifutwa, na kwamba mama alifariki bila sauti yake kubaki popote.

Nimekisikiliza tena na tena nijue nani aliwahi kuitikia kabla ya wenzake. Nadhani ni mpiga ngoma.

Ila jana, mama aliposema "Hodi!", niliwahi mimi: "Karibu, mama!" Bibi yako akaja mbio kutoka bustanini, mikono ina udongo, akauliza mgeni nimemkalisha wapi.

Babu yako