Leokadia Alivyoifungua Picha ya Maksai

Sumbawanga

Dada Mwanahamisi,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute cherehani inazunguka na goti limekuacha upumzike. Mama anaendeleaje na dawa zake? Mwambie mimi ni mzima, ila baridi ya huku haina adabu. Navaa lile sweta ulilonifumia, juu yake koti, na upepo bado unanipata.

Uliniuliza kwenye simu kama nimepata mtu wa kuzungumza naye huku. Nimempata. Anaitwa Leokadia, fundi wa kompyuta wa gazeti letu, mzaliwa wa Wampembe kule ziwani. Ana sauti ya mtu aliyekua akiwapigia watu kelele kushinda injini ya boti. Nikueleze kazi aliyoifanya mwezi huu, maana katika miaka yangu yote ya uandishi sijaona wengi wanaofanya kazi namna hii.

Alikuja ofisini mjane mmoja wa Mpui, Mama Anjela. Ana maksai wawili wanaovuta mkokoteni. Huwabebea watu mahindi kwenda mashineni, na hiyo ndiyo riziki yake. Jirani yake, Mzee Kasiani, amedai kwamba mmoja wa maksai hao ni wake: alimpotea mwanzoni mwa mvua zilizopita, na mama akamwokota. Kesi ilikuwa kwenye baraza la kata. Akishinda Kasiani, mkokoteni unalala, kwa kuwa umetengenezwa kuvutwa na wawili.

Mama Anjela alikumbuka kwamba mpiga picha wetu wa zamani, kabla mimi sijahamia hapa, aliwahi kumpiga picha njiani akiwa na maksai wote wawili. Nilimpigia simu huyo mpiga picha. Akasema alikwenda Mpui misimu miwili mfululizo, na hakumbuki hiyo ni ya safari ipi. Picha zenyewe zilikuwa kwenye kompyuta ya ofisi, lakini hazikufunguka. Kamera yake ilizihifadhi kwa mtindo wake, na studio za mjini zilijaribu zikashindwa.

"Kuna programu huria ya kutazamia picha inayozisoma," Leokadia akasema. "Ila kompyuta yetu hii kikongwe hakuna aliyeitengenezea. Tutaijenga wenyewe."

Wewe fundi utanielewa. Programu nyingi huja kama gauni la dukani, unavaa tu. Hii ilikuja kama kitambaa na vipimo. Walioiandika wameyaacha maandishi yake wazi, anayetaka ayachukue, ayasome, ayashone yeye mwenyewe kulingana na mashine yake. Watu wasioijua Mpui hata kwa jina wamefanya kazi hiyo na kuigawa bure. Nilikaa nikalitafakari hilo.

Akaanza. Kompyuta kwanza hukagua kama ina kila kinachohitajika, na kuandika orodha ndefu: hiki kipo, hiki hakipo. Kila iliposimama nilisema imegoma.

"Usiniambie imegoma, Zuhura," akanijibu. "Niambie imesema nini. We mwandishi gani unayemkatiza mtu kabla hajamaliza?"

Nikawa namsomea mstari kwa mstari. Kila kilichokosekana na kuisimamisha alikitafuta, akakiweka, akarudia ukaguzi. Umeme ukakatika kazi ikiwa katikati, nami nikajua tunaanza upya. Uliporudi alifuta kile kipande kilichokuwa kinajengwa wakati ule, akaamuru iendelee. Ikaviruka vyote vilivyokwisha na kushika pale ilipoachia.

Hatimaye programu ikafunguka, lakini picha ikawa nyeusi tupu. Mimi ningetukana. Leokadia alirudi kwenye ile orodha ya mwanzo, akaipitia kwa kidole kama mtu anayechambua maharage, akaonyesha mstari mmoja: kisomaji cha kamera, hakipo. Programu ilikuwa imejengwa vizuri kabisa, ila bila jicho lile. Hakulaumu mtu wala mashine. Akakileta kile kipande, akajenga tena.

Safari hii picha ikaja. Mama Anjela alikuwa amesimama nyuma yetu. Akamwita maksai wake kwa jina: "Simba."

Tarehe ndiyo iliyotuangusha. Saa ya kamera haikuwa imewekwa sawa, na mwaka uliotokea ulikuwa wa kale mno. Leokadia angeweza kuibadilisha. Wala hakulitaja hilo. "Tutawaambia saa ni mbovu," akasema.

Tukaenda Mpui na kompyuta mapajani, tukaichomeka kwenye umeme wa ofisi ya kata. Mbele ya baraza Leokadia alieleza yote, pamoja na saa mbovu. Akamkuza Simba mpaka sikio lililokatwa ncha likajaa skrini. Mzee Kasiani akasogea, akatazama kwa muda mrefu.

"Ni huyo huyo," akasema. "Lakini picha imepigwa msimu huu, akiwa ameshaokotwa. Mmesema wenyewe tarehe hamna."

Mjumbe mmoja, mama mtu mzima, akainuka. "Hebu rudisha, binti. Nyuma ya ng'ombe pale. Zile si ntumba?"

Leokadia akasogeza picha. Ntumba, dada, ni vichuguu vya udongo ambavyo Wafipa hufukia nyasi ndani yake mvua zinapoelekea kuisha, ili zioze. Msimu unaofuata huvisambaza na kupanda ulezi. Shamba lote nyuma ya mkokoteni lilikuwa limejaa ntumba mpya.

Mzee Kasiani akavua kofia.

"Lile ni shamba langu, chini ya mlima ule," akasema. "Ntumba zile ni za mwaka jana. Msimu huu nimevuna ulezi pale."

"Kasiani, umejishtaki mwenyewe!" mtu akapiga kelele kutoka dirishani, watu wakacheka.

"Ulitaka niseme mlima umehama?" naye akamjibu.

Basi picha ilipigwa kabla maksai wa mzee hajapotea, na baraza likaamua Simba ni wa Mama Anjela. Na mzee hakuwa mwongo. Wote wawili walinunua ndama kwa mfugaji mmoja, na yule huwakata wote sikio vilevile. Maksai wake kweli alipotea, na hadi leo hajulikani alipo.

Ndiyo maana juzi nilimkuta mzee huyo ofisini, ameketi karibu na Leokadia, kofia magotini. Alikuwa amemwomba ampitishie picha zote za Mpui zilizobaki, huenda maksai wake aliwahi kupita mbele ya kamera. Leokadia alikuwa anazifungua moja baada ya nyingine, akikuza masikio.

"Huyu?"

"Si yeye. Endelea, mwanangu."

Nisalimie Mama, umbusu mkono wake. Msalimie shemeji, na umwambie machungwa yake nayakumbuka. Msalimie shangazi wa pale kisimani na mwalimu wa madrasa aliyetufundisha kushika kalamu. Watoto waambie mama yao mdogo anavaa soksi mbili mbili.

Akulinde Mwenyezi Mungu, dada yangu.

Mdogo wako,
Zuhura