Mbegu za Metali Nyongani mwa Papa Ilunga

Shikamoo dada Rehema,

Baridi ya asubuhi hapa Lubumbashi imenivalisha sweta mbili. Nakuandikia kwa sababu najua unauogopa upasuaji wa nyonga.

Mwenyeji wangu, Papa Ilunga, mchimba madini mstaafu, aliwekewa nyonga ya bandia mwaka jana. Kwenye mfupa unaoizunguka, daktari alipandikiza punje za metali, ndogo kama mbegu za mchicha. Haziumi. Kwenye eksirei zinaonekana kama nukta, na umbali kati yake na nyonga ukibadilika, nyonga imelegea na huenda akapasuliwa tena.

Tangu hapo mzee hakutembea ila kwenda chooni. Jana nilimsindikiza kupigwa picha. Daktari alizilinganisha na za zamani.

"Papa, nyonga iko pale pale. Miguu ndiyo imelegea. Juu ya nini hautembeake?" Yaani kwa nini hatembei.

"Mu mugodi tulikuwa tunatia alama mu ukuta, tuone kama jiwe iko nasogea. Ile alama habaigusake." Yaani alama haiguswi; kumbe mzee aliogopa kwamba akitembea atazisogeza zile punje.

Mkewe, Mama Ngoie, aliyekuja nasi, alicheka hadi akafuta macho. "Na miye nabeba makala mwaka muzima, juu ya alama." Makala ndiyo makaa yao.

Jioni aliweka bukari, ndiyo ugali wao, na samaki kwenye meza ya uani, badala ya kumpelekea mumewe kitandani. Mzee alisimama, akashika ukuta, kisha akauachia. Chakula kilikuwa kimepoa alipofika. Alikula chote, akaomba kingine.

Nakuombea usiku usio na maumivu, dada. Nenda kamwone daktari.

Mdogo wako,
Hamisi