Faili la Mtaa Uliovunjwa

12 Februari

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Mimi mzima, ila kamati inatukamua. Tunaibadili sheria ya taarifa: mwananchi akiomba faili la serikali, asiulizwe analitakia nini, na ofisi ikimnyima, ieleze kwa nini.

Jana nikiandika nikaukumbuka mtaa wetu. Cherehani yako barazani, sisi tunagombania vipande vya vitambaa, wewe unabishana mpira na majirani mpaka mama anakufungia dirisha. Jamani, nilikuwa na baba mcheshi! Sheria ikipita, liombe faili la mtaa. Tujue kwa nini walituvunjia.

Mwanao

2 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo ni ule ule, tumeshazoeana.

Sababu naijua. Nilisimama mkutanoni nikamwambia mkubwa wa ardhi anatuona wajinga. Watu wakapiga makofi. Mwezi haukuisha, tingatinga likaingia. Majirani walikosa nyumba kwa mdomo wangu, ndiyo maana nikaufunga. Mama yako amekufa hajanisikia nikicheka tena. Hilo sitaki kulisoma kwenye karatasi ya serikali.

Napakumbuka sana, binti yangu, hata harufu ya baraza mvua ikinyesha. Ila niache.

Baba yako

20 Septemba

Baba,

Shikamoo. Kimya chako kimenizidi. U mzima kweli?

Sheria imepita. Nisamehe, faili nimeliomba mwenyewe, na sikuulizwa sababu. Nimelisoma nikalia palepale ofisini. Mtaa wetu waliupangia kuvunjwa mwaka mzima kabla ya mkutano ule, wapitishe barabara. Sahihi zote zipo. Mkutano waliuita ili waseme tumeshirikishwa. Jina lako halimo popote, baba. Hukumvunjia mtu nyumba. Nakala hii hapa.

Mwanao

1 Oktoba

Mwanangu,

Marahaba. Mzima, tena sana.

Nimemsomea yule fundi viatu, jirani yetu wa zamani. Nilidhani nitashukuru, nikapandwa na hasira. Miaka yote najiona mkosaji, kumbe hata hawakunisikiliza! Wanaitikia kwa vichwa, na wameshaamua. Fundi viatu akasema, "Na jasho lote lile ulilotoa ukiwahutubia!" Tukacheka mpaka wapangaji wakachungulia. Nikatamani mama yako angekuwepo.

Kesho kuna mkutano wa kuhamisha soko. Nimeomba kuzungumza, nami nitaanza kwa kudai faili. Wamenipa dakika tano. Nimewaambia hazinitoshi.

Baba yako