Pini Mdomoni

Nyumba ya kona, ghorofa ya pili,
Nyuma ya kiwanda cha magodoro,
S.L.P. 218.

9 Mei

Mpendwa kaka yangu,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. U hali gani huko uliko? Kifua kimetulia? Uliandika kwamba baridi ya ghala la nyama inakutesa, nami nikakujibu uvae fulana mbili. Natumaini umenisikia, ingawa hukuwahi kunisikia tangu tukiwa wadogo. Sisi ni wazima, ila shemeji yako analalamika mgongo na hataki kusikia habari za daktari.

Sasa kaa kitako, maana nina habari na siwezi kutulia. Chiriku tumemtoa shule. Usishtuke! Hakufukuzwa wala hakufanya kosa. Anasomea nyumbani, na mwalimu wake ni mimi, dada yako, niliyekuwa nikinakili hesabu zako pamoja na makosa yake.

Sababu unaijua kuliko mtu yeyote. Mpwa wako hapa nyumbani anaongea na paka kutwa nzima, ndiyo maana tukamwita Chiriku. Lakini akisimamishwa darasani asome kwa sauti, neno linakwama kooni, wenzake wanacheka, naye anakaa. Mwezi Machi aliponiambia tumbo linamuuma, kwa mara ya nne wiki ile, nilikukumbuka ukiwa darasa la sita, na begi ulilolitupa nyuma ya tangi la maji usirudi shule tena. Nikasema, huyu hapana.

Nilianza vibaya, cheka tu. Fundi cherehani mimi, kitu cha kwanza nilimshonea sare! Nikanunua kengele. Nikafungua daftari la mahudhurio, nikaita jina lake, akaitika, "Nipo," tukabaki tunatazamana, darasa zima limehudhuria. Kisha nikamwambia asimame asome. Akakwama palepale, vilevile kama shuleni. Kumbe shule yenyewe nilikuwa nimeihamishia sebuleni. Ile sare niliifumua siku hiyohiyo, sasa ni mfuko wa vitabu.

Ndipo nikaanza kuulizauliza. Mkutubi wa maktaba yetu alinipa kadi ya kuazima vitabu sita kwa mpigo, akanielekeza ofisi ya elimu, na huko nikapewa muhtasari wa masomo ya darasa la tatu bila hata kununiwa. Tena mkutubi huyo akanionyesha tangazo kwenye mlango wa maktaba: familia saba zinazofundisha watoto nyumbani hukutana hapo kila Jumatano. Kaka, na mimi nilidhani niko peke yangu duniani! Yupo muuguzi, yupo fundi wa mafriji anayewafundisha watoto wote sayansi kwa friji bovu, na mimi nimepewa vipimo: futikamba, nusu, robo, upana wa kiuno.

Shemeji yako naye analeta karatasi zilizoharibika kiwandani kwao, si unajua anafanya kazi ya uchapaji. Chiriku anafanyia hesabu nyuma ya kalenda zenye Februari mbili, na anadai mwaka wake ni mrefu kuliko wetu.

Lakini kilichonishikisha kalamu ni hiki. Mwezi uliopita tulikuwa wawili, yeye anasoma, mimi napima pindo la gauni la mteja. Akakwama kwenye neno "kipepeo". Siku nyingine ningemmalizia hapohapo. Siku hiyo nilikuwa na pini tano mdomoni. Nikabaki namtazama, siwezi hata kuguna. Naye akanitazama. Akavuta pumzi, akalirudia, na kipepeo akatoka mzimamzima, na mstari wote nyuma yake, na mwingine, mpaka chini ya ukurasa. Nilitema pini nikapiga kelele za furaha, paka akakimbilia uvunguni!

Mlango wa tatu kutoka kwetu anakaa mwalimu mstaafu, hutujia kila Jumatatu. Nilipomsimulia alicheka mpaka akavua miwani. "Mama, huyu mtoto hakuhitaji neno," akaniambia. "Alihitaji muda. Wewe endelea na pini zako." Basi tangu siku ile akishika kitabu nami nashika pini, hata kama sina nguo ya kushona.

Hapo nikakukumbuka wewe, kaka, nikalia. Utotoni nilikumalizia kila neno. Dukani, kwa baba, mbele ya mwalimu, ukifungua mdomo tu mimi nimeshasema. Nilijiona nakusaidia, na watu wakanisifu kwa wepesi wa ulimi. Labda ndiyo maana mpaka leo hupokei simu, unatuandikia barua. Nisamehe sana.

Tarehe 28 mkaguzi wa elimu anakuja. Chiriku atamsomea ukurasa mmoja kwa sauti, na akishindwa, muhula ujao anarudi kwenye darasa lilelile. Mbele yetu anasoma, mbele ya mwalimu mstaafu pia. Bado hajamsomea mtu asiyemzoea. Nikamwambia achague wa kujaribu naye. Nilidhani atamtaja muuguzi. Akasema, "Nataka mjomba. Yeye hawezi kunicheka."

Kwa hiyo Jumamosi ya tarehe 24, saa nne asubuhi, simu yako italia. Najua unavyoichukia. Pokea hii moja tu. Si lazima useme kitu, na ukitaka kusema, usiwe na haraka, mwenzako anajua kusubiri. Ana ombi moja, ameniambia niliandike kama alivyolisema: "Nikikwama, mjomba asinimalizie."

Nisalimie wifi yangu, na wale mapacha waambie shangazi anawashonea suruali, wanitumie vipimo vya kweli safari hii. Shemeji yako na mama mkwe wanakusalimu. Mungu akulinde, akipe kifua chako nafuu, na akufikishie barua hii kabla ya Jumamosi hiyo.

Mkianza kuzungumza, mimi nitakuwa chumba cha pili, pini mdomoni, kwa ajili yenu wote wawili.

Dada yako akupendaye,
ambaye hatimaye amejifunza kunyamaza.