Valvu Inayojifunga Yenyewe

Jumanne, Kiseke

Leo imejifunga tena, na maharage hayajaiva. Jiko la gesi aliniletea binti yangu Esta kutoka Dar. "Baba, gesi ikivuja, hii valvu inajifunga yenyewe," alisema. Alijua tangu ile homa pua yangu haisikii harufu yoyote.

Sasa gesi inavuja, au valvu ndiyo mbovu?

Nikamwita fundi. Akanusa. "Mzee, hakuna harufu. Niitoe hii valvu, upike kwa amani." Nikamwita jirani yangu, Mama Neema. Akainamia mpira wa gesi, akasema, "Mimi naisikia, kwa mbali."

Tukaupaka mpira povu la sabuni. Kipovu kimoja kikavimba, kikapasuka. Mama Neema akasema ni gesi, fundi akasema ni sabuni tu. Siku hizi madukani kila kitu kipo, ila wa kukuelezea...

Nimemkataza fundi kuigusa valvu. Sijui kama nimefanya sawa. Mtungi wa gesi nimeupeleka nje uani, maharage nikayamalizia kwenye mkaa.

Yaliungua. Sikujua mpaka Mama Neema aliponiita kutoka kwake.