Ulivyowaitikia Watu wa London

Hooyo,

Barua huanza kwa kuuliza hali. Yako aijua Mola, nami namwomba kila baada ya sala akupe nafasi na kivuli. Yangu ni magoti tu, na sukari ya mwilini inayoninyima chai uliyonizoesha wewe, ile iliyokolea hadi midomo ikanata. Lakini sikukaa kuandika nikulalamikie. Nimekuandikia kwa sababu Jumapili iliyopita nilimsikia Hargab.

Ndiyo, Hargab mwenyewe, yule Mwingereza wa redioni wa kusemea puani, uliyemwita Mafua kwa Kisomali kwa kuwa muda wote tuliomsikiliza hakupona. Na mwenziwe Dhegoole, yule kiziwi anayeulizwa hili akajibu lile. Majina yao ya Kizungu hatukuyajua wala hatukuyataka. Ulisema mtu asiye na jina la utani hajafahamika na watu.

Liban ndiye aliyewapata. Kitukuu chako huyo siku hizi anafanya kazi katika kambi ya wakimbizi ya Ifo na hurudi Garissa mwisho wa juma na mfuko wa nguo chafu. Nilikuwa nikimsimulia habari za redio ya babu yake, akaniuliza kipindi chenyewe kilikuwaje. Nikamwambia kulikuwa na mwenye mafua, na kiziwi, na ng'ombe ambaye ni mtu. Akacheka, akabofyabofya simu yake, na kabla sijamaliza kumenya viazi nikasikia mlango ukikwaruza, sahani zikaanguka, na sauti ya puani ikaomba radhi. Kisu kilinitoka mkononi, Hooyo. Nililia kama siku ile tuliyokuzika.

Unakumbuka nilivyoingia nyumbani kwako, kabla sijajua kwamba Hooyo ni mama? Mwanao Yusuf alinikuta Mokowe, alikokuja na lori la serikali, akanioa kwa haraka yake ile ya udereva, akanileta kwako bila ya kukutayarisha. Wewe ulikuwa umeshamchagulia binti wa ukoo, mwenye ngamia nyuma yake. Ulipoambiwa mimi natoka Lamu uliuliza jambo moja tu, kama ni kweli sisi hula samaki. Nilisema ndiyo. Ukageuza uso kana kwamba nimekiri kula nyoka.

Nami sikuwa na Kisomali zaidi ya salamu. Wewe Kiswahili chako kilikuwa cha sokoni, cha kuuzia maziwa, chenye "bole bole" na "fisuri". Lakini hata hicho hukukitumia kwangu. Na kilichoniuma hasa hakikuwa kutosemeshwa. Watu wa huku mtu akizungumza hawamwachi azungumze peke yake; lazima awepo wa kumwitikia. Haye, asema, kila penye pumzi, haye, ili msemaji ajue maneno yake yamepata pa kutua. Hodari wa kuitikia mtaani kwetu ulikuwa wewe. Uliwaitikia wazee, majirani, watoto waliokuja kushtakiana. Mimi nikisema, hata neno la kuomba chumvi, ulinyamaza. Nilikaa nyumba ile nikiwa mke wa mtu na maneno yangu yakianguka chini.

Kisha uhuru ukaja, na mzungu wa idara ya maji aliyekuwa akiendeshwa na Yusuf akafunga virago. Alimwachia Yusuf redio yake, ile ya kifuko cha ngozi na betri nzito kama tofali. Yusuf alikuwa amemwona kila Jumapili alasiri barazani akicheka peke yake mpaka machozi, na akatamani kujua kinachomchekesha. Kwa hivyo kila Jumapili baada ya sala ya alasiri tukawa tunakaa watatu: yeye kwenye kiti, wewe kwenye gambar yako, kigoda kile cha ngozi, na mimi mlangoni kama mgeni.

Yusuf alikuwa na Kiingereza cha kupokelea amri. Alijitahidi kutufasiria, kwako kwa Kisomali na kwangu kwa Kiswahili, na akimaliza kichekesho kilikuwa kimeshakufa na kuoshwa. Mwishowe tulimkataza, wewe kwa mkono na mimi kwa macho. Hapo ndipo nilipogundua kitu kilichonipa moyo. Kiingereza hukukijua wewe, wala mimi. Katika lugha ile hakukuwa na mwenyeji wala mla samaki.

Na wewe, kwa adabu zako, uliwaitikia. Hargab akisema, "Haye." Dhegoole akijibu, "Haye." Watu walipoangua kicheko mle ndani ulitikisa kichwa kwa kuridhika, ukasema hawa angalau wana wasikilizaji. Nililionea sanduku lile wivu wa ajabu, kwa kuwa lilipata nilichokikosa. Halafu siku moja wakaleta ng'ombe, wakataka kumpandisha treni kama abiria. Ng'ombe akalia. Ukainua kidole, ukasikiliza kwa makini ya mtu aliyezaliwa zizini, ukatoa hukumu kwa Kiswahili, "Hii ng'ombe ni mtu." Akalia tena. "Na mtu mwenyewe hana afya." Nilicheka hadi nikakaa chini, na nilipoinua uso nikakuta nawe unacheka, ukiniangalia. Kisha ukakumbuka kuwa hunipendi, ukajifunika mdomo kwa shela.

Vita vikatukuta na redio hiyo. Liban huniuliza vilikuwaje, na najua nikimjibu sana nitalala vibaya. Namwambia kulikuwa na waliotaka jimbo letu lijitenge liungane na Somalia, kulikuwa na serikali iliyokataa, na kulikuwa na sisi, tuliowaogopa wa porini usiku na askari mchana. Ndugu zako wa nje walikusanywa kijijini wakazungushiwa seng'enge, na ngamia wao walibaki bila wachungaji. Ulimlilia ngamia mmoja kwa jina. Yusuf aliendesha lori katika msafara wa Wajir, na kila alipoondoka ulikaa na tasbihi mpaka vumbi lake lirudi. Watu walificha redio zao, kwa kuwa aliyekutwa akisikiliza Mogadishu alihesabiwa kuwa shifta, mwasi wa porini. Yetu hatukuificha. Tulijidanganya kwamba ya London haina kosa.

Jumapili ile Yusuf yuko Wajir. Doria ikapita nyuma ya ukuta wetu, ikasikia sauti ya mwanamume ndani ya mtambo inasema, na mwanamke anamjibu, inasema, anamjibu. Kwao ilikuwa wazi: bibi yule anazungumza na porini. Waliingia na viatu hadi kwenye mkeka wa sala. Mmoja akabeba redio, wawili wakakuinua wewe. Mimi niliwafuata bila viatu. Njiani nilisema kila nililoweza kusema, kwamba ni vichekesho, kwamba ni desturi, na hakuna aliyeniitikia. Waliokuwa wakipelekwa kituoni siku zile, wengine hatukuwaona tena. Nilimfikiria Yusuf akirudi aniulize mama yake yuko wapi.

Afande alikuwa kijana kutoka Kenya, kama tulivyokuwa tukisema huku, nasi hapo tulipo ni Kenya pia. Mkalimani wao alikuwa ametoka na doria nyingine, kwa hiyo akaanza kukuhoji kwa Kiswahili cha shuleni, cha kasi, ambacho nusu yake hata mimi ilinipita. Alisema ulikuwa unaongea na shifta. Ukamtazama kwa heshima aliyostahili kila msemaji, ukasema, "Haye." Umewaambia msafara wa Wajir unapita lini. "Haye." Una wenzako hapa mjini. "Haye." Askari wa pembeni aliandika kila jibu. Nilihisi ardhi inanipotea, kwa kuwa nilikuona unajifunga mwenyewe, kitanzi kwa kitanzi, kwa adabu.

Sijui ujasiri nilioupata ulitoka wapi. Nilisema, "Afande, muulize kama yeye ndiye Malkia wa Uingereza." Akanikodolea macho, nikadhani atanipiga. Lakini alikuwa amechoka, na labda kulikuwa na kitu ndani yake kilichokwisha kuona haya. Akakugeukia, akauliza. "Haye," ulisema, kwa uzito uleule. Askari wa kuandika akasimamisha kalamu. Afande akajaribu mwenyewe, kama wewe ndiye uliyejenga daraja la Tana. "Haye." Akavua kofia, akajifuta jasho, akasema kwa sauti ya chini, kama anajisemea, "Basi nimekaa hapa alasiri nzima kama mjinga." Nawe, Hooyo, ukainama mbele kidogo, ukamwitikia kwa upole kuliko yote yaliyotangulia, "Haye."

Yule wa kuandika alishindwa. Alicheka akaegemea ukuta, na waliokuwa nje wakaja kuuliza, wakasimuliwa, wakacheka nao. Afande alijikaza, alijikaza, kisha pua yake ikatoa sauti ya ng'ombe yule wa treni. Akatupungia mkono twende zetu. Redio ilibaki kwa uchunguzi.

Nilitaka kukuuliza miaka hiyo yote kama ulielewa. Kiswahili chako kilikuwa cha sokoni, lakini mjinga ni neno la sokoni hasa. Niliuliza mara moja, tukiwa wazee wote wawili, ukasema, "Mtu akisema, anajibiwa," ukarudi kwenye tasbihi yako.

Tulirudi nyumbani. Nikabandika chai, nikamwaga nusu ya majani. Mama Halima wa jirani, aliyekijua Kiswahili, akaja mbio kuuliza yaliyotupata, nami nikaanza kumsimulia nikiwa nimekupa mgongo. Nikasema, tulipofika pale kituoni. Nikapumua. Na nyuma yangu, kutoka kwenye gambar, sauti ikasema, "Haye."

Niligeuka. Ulikuwa unaitazama tasbihi, shanga kidoleni, ukingoja niendelee. Kisa chote kilinitoka kichwani. Nilisimama na kijiko kama kiziwi wetu yule, na Mama Halima akatazama huku na huku bila kujua kilichotokea. Ukaniambia, "Sema. Mimi nasikia." Nikasema, Hooyo. Nilisema hadi maji yakakauka kwenye birika, nawe hukuniacha hata penye pumzi moja.

Redio haikurudi. Ila kituo kilikuwa karibu, na kila Jumapili alasiri upepo ulituletea kicheko cha watu wa London, na juu yake kicheko cha askari. Wewe uligeuza gambar ikaelekea huko, ukaendelea kuwaitikia. Afande ulimwita Dhegoole tangu siku ile. Alipohamishwa redio nayo iliondoka, na Yusuf aliponunua nyingine vita vilikuwa vimeisha na Hargab na mwenziwe hawakuwemo tena.

Sasa nikupe habari. Yusuf alikutangulia, unajua, kwa hiyo huko naamini mko pamoja. Garissa imebadilika hata kwa mwaka huu mmoja, pale ulipofungia mbuzi pana jengo la ghorofa na duka la simu. Nyumba yetu ina watu wengi na mazungumzo machache. Nikisema, mmoja ananiangalia kwa jicho moja, jicho la pili liko kwenye kioo cha simu. Si wabaya, wananipenda, wananinunulia dawa. Lakini tangu ulipoondoka mwaka jana, kabla ya Ramadhani, maneno yangu yameanza tena kuanguka chini. Sikujua nitarudi kuwa yule msichana wa mlangoni. Nakukosa, Hooyo. Nakukosa kuliko ninavyoweza kuwaeleza watoto wanaodhani nimepoteza mkwe tu.

Jumapili ile Liban alinifasiria, ana Kiingereza kizuri. Nikwambie siri? Si kichekesho kikubwa hivyo. Nilimwomba aache. Nikamsikiliza Hargab kama zamani, bila kuelewa kwa kusudi. Na kila alipotua, palikuwa na tundu. Wale waliokuwa wakicheka mle ndani nadhani wamekwisha kufa wote, na mwenye sauti pia, na wewe. Alisema tena, akatua. Nikasema, "Haye."

Liban akainua kichwa. Akaniita bibi kwa Kisomali, "Ayeyo, hawakusikii." Nikamwambia hata tulipokuwa vijana hawakutusikia, na haikutuzuia. Kisha akaiweka simu chini, juu ya mkeka, akaniambia, "Haya, nisimulie ya kituoni." Nikaanza. Hajui bado, huitikia mahali pasipofaa, na mara nyingine huchelewa kama salamu za posta. Namvumilia kama ulivyonivumilia mimi, ingawa ulichelewa.

Nakuahidi hili. Katika nyumba hii, maadamu nina pumzi, hakuna atakayesema peke yake: si mtoto, si mgeni, si bibi-arusi atakayeletwa bila taarifa, hata akiwa anakula nini. Na Liban nitamfundisha mpaka ajue.

Pumzika, mama yangu. Mwambie Yusuf nimeuza lori lake bovu. Alasiri hii nitaketi karibu na gambar yako, hakuna aliyeikalia, nikusomee barua hii kwa sauti. Kila mwisho wa sentensi nitanyamaza kidogo. Usijitaabishe, ni nafasi yako tu, nakuachia.

Mkazamwana wako wa Lamu