Ile "Tafadhari" Kwenye Seva

Shoga, nimejifungia chooni hapa kazini. Bosi ameniita mwizi mbele ya watu. Mimi!

Si unaijua ile seva inayopitisha intaneti ya ofisi nzima? Asubuhi nilikuwa naangalia ukaguzi wake wa virusi, ule unaopitia kila faili kabla ya kuingia. Kufungua mipangilio, nakuta kompyuta moja imesamehewa, faili zake hazikaguliwi. Ya bosi! Virusi vimepitia hapo, barua zake za siri zimevuja.

Nikaenda kumwambia mwenyewe. Akanitazama: "Nenosiri unalo wewe tu." Akarudia, wewe tu!

Halafu msamaha wenyewe umewekwa Ijumaa. Ijumaa si nilikuwa wodini namuuguza mama? Nakwambia, kikulacho ki nguoni mwako. Huyu ni mtu wa humu humu.

Tena ameacha na ujumbe pembeni: "Tafadhari usiguse." Tafadhari, na R! Bosi anavyojidai na Kiswahili chake, hawezi. Nani humu ndani anaandika hivyo?

Subiri.

Nimepandisha chati yetu juu. Jana umeniandikia: "Tafadhari nibebee chaja." Juzi: "Tafadhari usichelewe."

Na Ijumaa hiyo hiyo ulinipigia kutoka mapokezi hapa ofisini, ukasema intaneti imekata, nikupe nenosiri la seva uiwashe. Nikakutajia herufi moja moja, mama anakoroma pembeni.

Shoga?

Naona unaandika.

Mbona unafuta?